Mchanga wa Tangi la Samaki wa Baharini: Jinsi ya Kuubadilisha Bila Kuua Samaki

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

MANENO YA LEO
(Msimamizi wa darasa ayaandike ubaoni. Wanafunzi wayasome kwa sauti kabla ya somo kuanza.)

tangi – chombo kikubwa cha kuwekea maji. Tangi la somo hili ni la kioo.
tabaka – kitu kilichotandazwa juu ya kingine, kama mkeka juu ya sakafu.
bakteria – vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho.
amonia – sumu itokayo katika uchafu wa samaki na chakula kinachooza.
matumbawe – mawe ya baharini yaliyojengwa na wanyama wadogo.
robo – sehemu moja ya kitu kilichogawanywa mafungu manne sawasawa.

SOMO LENYEWE

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kitabu na kalamu.

Leo tutazungumza juu ya mchanga. Huenda mmoja wenu akacheka na kusema, "Mwalimu, mchanga tunaujua tangu utoto. Una nini cha kusomewa?" Ngoja kwanza. Mchanga ninaousema ni ule uliolala chini ya tangi la kioo la kufugia samaki wa baharini. Matangi hayo yako katika kumbi za hoteli, katika vyumba vya kungojea daktari, na katika nyumba za watu. Mwenye tangi ni mmoja, lakini mara nyingi anayelitunza ni mwingine: mfanyakazi wa nyumbani, mtunza bustani, au kijana wa mapokezi. Pengine mtu huyo ni wewe.

Wengine katika samaki hao wametoka kwetu. Katika pwani ya Kenya wako wavuvi wanaopiga mbizi na kuwakamata samaki wa rangi kwa nyavu ndogo. Samaki hao hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, wakapelekwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani. Basi samaki aliyekulia katika mwamba wa pwani yetu aweza kumalizia maisha yake katika sebule ya mtu London au Chicago. Wako samaki wadogo, wale wakaao kati ya vidole vya anemoni ya bahari, ambao huweza kuishi zaidi ya miaka 20 katika tangi linalotunzwa vizuri. Lakini tangi likiharibiwa, hufa kwa siku mbili tatu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tuseme yuko mtu mmoja, tumwite Juma. Juma amepewa kazi ya kutunza tangi katika ukumbi wa hoteli. Tangi lina miaka minne, samaki ni wazima, lakini mchanga umekuwa mchafu, una madoa ya kahawia na mekundu. Siku ya Jumatatu Juma aamka mapema, auchota mchanga wote, atupa nje, atia mchanga mpya mweupe. Jioni tangi lang'aa kama sufuria mpya. Meneja amsifu. Jumatano samaki waanza kupumua mbio mbio karibu na uso wa maji. Hawali. Ijumaa asubuhi Juma akuta saba wamekufa.

Je, Juma ni mvivu? La. Amefanya kazi kwa bidii siku nzima. Lililompata ni kwamba hakujua kuwa mchanga ule una wenyeji. Amewatupa nje wote kwa siku moja, na wao ndio waliokuwa wakisafisha maji.

WENYEJI WA MCHANGA

Samaki akila, hutoa uchafu. Chakula kisicholiwa huanguka chini na kuoza. Katika mambo hayo mawili hutoka sumu iitwayo amonia. Baharini amonia haidhuru, kwa sababu bahari ni kubwa mno. Lakini tangi ni dogo. Kama sumu hiyo haiondolewi, huwaunguza samaki mashavu wanayopumulia, nao hufa. Katika maji ya bahari amonia ni kali zaidi kuliko katika maji mengi ya mtoni, kwa namna maji yenyewe yalivyo.

Nani basi huiondoa? Huiondoa bakteria. Bakteria hawa hukaa juu ya kila punje ya mchanga, juu ya mawe, na ndani ya chujio la maji. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho nitriti. Nitriti nayo ina sumu. Kundi la pili huichukua nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Nitrati haina ukali kama zile mbili. Samaki wengi huivumilia ikiwa si nyingi, nasi huipunguza kwa kubadilisha maji. Angalieni maneno haya mawili, nitriti na nitrati. Yanafanana masikioni, lakini la kwanza lina herufi "i" katikati, na la pili lina herufi "a". Yaandikeni sasa katika madaftari yenu.

Mambo haya yaligunduliwa na mtaalamu wa Urusi, jina lake Sergei Winogradsky. Mwaka 1890, alipokuwa akifanya kazi katika mji wa Zurich, Uswisi, alionyesha kuwa bakteria wa udongo ndio wafanyao kazi hiyo. Na mwaka 1961 Bwana Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika gazeti la wafuga samaki jinsi alivyotunza samaki wa baharini kwa mawe hai ya matumbawe na mapovu ya hewa. Wafugaji wengi wamefuata njia ya mawe hayo tangu hapo.

Jambo moja zaidi juu ya bakteria hawa: huzaana polepole. Bakteria wanaochachusha maziwa huongezeka maradufu kwa muda mfupi, lakini hawa wa amonia huhitaji karibu siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huchukua kama wiki 4 mpaka 6 kabla halijafaa kutiwa samaki. Mtu akitupa mchanga wote, hupunguza sana jeshi lake la wasafishaji, na jeshi jipya haliji kesho.

TABAKA LA CHINI

Mchanga wa juu hupata hewa. Kadiri uendavyo chini, hewa hupungua. Mchanga ukiwa na kina kingi, zaidi ya sentimeta 5 hivi, chini kabisa hakuna hewa. Huko wako bakteria wa namna nyingine. Wengine ni marafiki: huigeuza nitrati kuwa hewa ambayo hutoka katika maji na kwenda zake. Wengine hutengeneza hewa mbaya inukayo kama yai viza. Hewa hiyo ni sumu kali kwa samaki.

Utaijuaje? Tazama mchanga kupitia kioo cha mbele. Ukiona tabaka jeusi kwa chini, huenda hewa hiyo ipo. Ikiwa tabaka hilo limekaa bila kuchokorwa, halina madhara makubwa. Lakini mtu akitia mkono na kukoroga, hewa hutoka kwa mara moja na kuingia majini. Basi shika kanuni hii: mchanga mzee haukorogwi. Huzolewa kwa utulivu, sehemu moja moja.

JE, NI LAZIMA UBADILISHWE?

Kabla ya kuanza, jiulize kama kazi hii ni lazima. Mara nyingi si lazima. Mchanga wenye madoa ya mwani huweza kusafishwa juu juu. Ukoga mwekundu huja pale maji yanaposimama na chakula kinapozidi. Punguza chakula, rekebisha mwendo wa maji, ubadilishe maji kwa wakati wake. Ukitia mchanga mpya huku ukizidisha chakula, ukoga utarudi.

Ziko sababu za kweli za kubadilisha. Kwanza, punje zikiwa kubwa kama kokoto, chakula hupenya kati yake na kuozea humo. Pili, mchanga ukiwa na miaka mingi bila kusafishwa, umejaa tope, na kila ukiuguza maji huchafuka. Tatu, samaki walioko wakihitaji mchanga laini. Wako samaki wanaojifukia mchangani usiku kulala. Punje kubwa na kali huwachubua.

KUCHAGUA MCHANGA MPYA

Mchanga ufaao ni ule uliotokana na matumbawe na makombe yaliyosagika. Punje za ukubwa wa milimeta 1 au 2 zafaa matangi mengi. Ulio laini kama unga hupeperushwa na mwendo wa maji.

Mchanga wa pwani si wote wa namna moja. Ule mweupe wa Diani umetoka katika matumbawe. Ule wa Malindi una rangi ya kahawia, kwa sababu mto Sabaki huuleta kutoka bara. Wataka kuujua mchanga ulio nao? Weka kijiko kimoja cha mchanga mkavu katika kikombe, kisha mimina siki kidogo. Ukitoa mapovu, una asili ya matumbawe au makombe. Usipotoa, ni wa mawe ya bara. Jaribuni jambo hili darasani wiki hii.

Lakini kuujua mchanga si ruhusa ya kuuchota. Katika hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuondoa kitu: si kombe, si tumbawe, si mchanga. Mahali pengine pia, usichote kabla ya kuuliza wakuu wa mahali hapo. Tena mchanga wa ufukweni huweza kuwa na mafuta ya vyombo na takataka. Ulio salama ni ule uuzwao kwa ajili ya matangi ya samaki.

HESABU YA KAZI

Chukueni kalamu. Tuseme tangi lina urefu wa sentimeta 120, upana wa sentimeta 50, na kimo cha sentimeta 50.

120 mara 50 mara 50 ni 300,000. Sentimeta 1,000 za ujazo ni lita 1. Basi tangi lote huchukua lita 300.

Sasa mchanga. Twataka kina cha sentimeta 5. 120 mara 50 mara 5 ni 30,000, yaani lita 30. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo moja na nusu. Basi twahitaji karibu kilo 45.

Tutaigawa kazi katika mafungu manne. Robo ya lita 30 ni lita 7 na nusu, yaani kilo 11 na kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya siku moja. Kati ya robo moja na nyingine tutangoja wiki 2. Tukifanya robo ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki 2, ya tatu baada ya wiki 4, na ya nne baada ya wiki 6, kazi itakwisha. Ikiwa vipimo vibaya, tutangoja zaidi.

Sasa maji. Tutakapoutoa mchanga kwa mpira, maji nayo yatatoka. Tusitoe zaidi ya lita 60 kwa siku moja, yaani ndoo 3 za lita 20. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. 60 mara 35 ni gramu 2,100, yaani kilo 2 na gramu 100. Chumvi hiyo si ya jikoni. Ni chumvi maalumu ya matangi ya baharini, nayo pakiti yake huonyesha kipimo chake, kifuate. Kama maji ni ya bomba yenye dawa ya klorini, yatie kwanza dawa ya kuiondoa klorini. Tengeneza maji haya siku moja kabla, yakoroge mpaka chumvi iyeyuke yote, na uyapime kwa kipimo cha chumvi. Yawe na chumvi na joto sawa na maji ya tangini. Tengeneza ndoo nyingine 3 za akiba. Nitakuambia baadaye ni za nini.

KAZI YENYEWE

Kwanza, osha mchanga mpya. Tia kidogo kidogo katika ndoo, mimina maji safi, koroga kwa mkono, mwaga maji machafu. Rudia mpaka maji yawe meupe. Pengine utarudia mara kumi. Usitumie sabuni hata kidogo. Ndoo, mpira na beseni za kazi hii zisiwe zimewahi kutumika kwa sabuni wala dawa ya kusafishia. Mwisho suuza mchanga kwa maji ya chumvi.

Pili, zima umeme. Ng'oa plagi za pampu, taa, na chombo cha kupasha maji joto. Kama uko Nairobi au mahali pengine penye baridi, huenda tangi lina chombo hicho. Kiache kipoe kwa robo saa kabla maji hayajashuka, maana kikiwa cha moto nje ya maji hupasuka. Umeme na maji ya chumvi huua mtu. Usitie mkono tangini kabla ya kuhakikisha plagi zote ziko nje. Pampu ndogo ya hewa yenye kijiwe cha mapovu huweza kuendelea, ikiwa mashine yake iko nje, juu kuliko maji.

Tatu, tazama mikono yako. Kama una kidonda, usifanye kazi hii bila glavu ndefu, kwa sababu maji ya samaki yana vijidudu vinavyoweza kuingia kidondani. Na uliza kama tangini mna samaki mwenye miiba ya sumu.

Nne, tazama mawe. Je, yamekaa juu ya kioo cha chini, au juu ya mchanga? Kama yamekaa juu ya mchanga, ukiuondoa mchanga yataporomoka, yataua samaki na kuvunja kioo. Jiwe la namna hiyo liondoe kwanza, uliweke katika ndoo ya maji ya tangi hilo hilo. Usilikaushe wala usilisugue, maana nalo lina bakteria wako. Utakapolirudisha, likae juu ya kioo kwa uthabiti, ndipo mchanga uzungushwe pembeni.

Tano, chota kikombe kimoja au viwili vya mchanga wa juu, ulio safi. Uweke katika bakuli yenye maji ya tangi. Hii ni mbegu. Mpishi wa maziwa ya mgando hubakiza kidogo cha zamani ili kigandishe mapya. Nasi twafanya vivyo hivyo.

Sita, toa robo ya mchanga. Anza upande mmoja. Simamisha kipande cha plastiki ngumu kati ya robo ya leo na mchanga unaobaki, ili usiteremke. Chukua mpira mnene, ujaze maji, ziba mwisho mmoja kwa kidole, tia mwisho mwingine mchangani, kisha fungua juu ya ndoo iliyo chini ya tangi. Maji yatavuta mchanga na tope kwa pamoja. Usinyonye kwa mdomo. Enda polepole. Tazama kama kuna samaki, kaa au konokono waliojifukia. Watoe kwa mkono na uwaweke upande mwingine. Ndoo ya tatu ikijaa, simama, hata kama mchanga umebaki kidogo. Wacha ungoje zamu yake.

Ukisikia harufu ya yai viza kali, simama pia. Zidisha mapovu ya hewa, fungua madirisha. Na kama tangi lako lina mchanga mweusi wenye kina cha sentimeta 10 au zaidi, usifuate njia hii ya robo robo samaki wakiwa ndani. Wahamishe kwanza samaki na mawe katika pipa safi lenye maji yao ya zamani, pampu ya hewa na joto la kutosha. Kwa kazi hiyo, omba msaada wa mtu aliyewahi kuifanya.

Saba, tia mchanga mpya. Usiumwage kutoka juu. Chukua bomba pana la plastiki, shusha mwisho wake mpaka karibu na chini, kisha mimina mchanga kwa kikombe kupitia bomba hilo. Ukimaliza, utandaze taratibu, na juu yake nyunyiza ile mbegu uliyoihifadhi. Kisha rudisha maji mapya polepole, ukiyamimina juu ya sahani ili yasichimbe mchanga. Ondoa sahani, kausha mikono, ndipo urudishe umeme.

BAADA YA KAZI

Maji yatakuwa na ukungu kwa siku moja au mbili. Usishtuke. Osha kitambaa cha chujio kila siku, maana kitajaa vumbi. Lakini usioshe chujio lote kwa maji ya bomba siku hizo. Nalo ni nyumba ya bakteria.

Kwa siku tatu, lisha samaki kidogo kuliko desturi. Chakula kidogo ni amonia kidogo.

Pima maji kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku tatu. Dawa za kupimia huuzwa katika vichupa vidogo pamoja na kadi ya rangi. Tia matone katika maji kama karatasi isemavyo, kisha linganisha rangi. Amonia iwe 0. Nitriti iwe 0. Andika tarehe na namba katika daftari, hivi:

Tarehe 3 – amonia 0 – nitriti 0 – samaki wanakula.

Hapo ndipo kusoma na kuandika kwako kunapofanya kazi. Mtu asiyeandika hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu husahau tarehe. Mwenye daftari aweza kumwonyesha meneja na kusema, "Bwana, tazama. Hii ndiyo sababu nangoja mpaka tarehe 17."

Je, amonia ikionekana? Sasa zile ndoo 3 za akiba zina kazi. Badilisha lita 60 za maji siku hiyo hiyo, usilishe, zidisha mapovu, utengeneze maji mengine ya akiba. Pima tena kesho. Ikiwa bado ipo, badilisha tena. Usiguse robo nyingine mpaka amonia na nitriti zimekaa 0 kwa wiki nzima.

MANENO YA MWISHO

Turudi kwa Juma. Tuseme Juma amelisikia somo hili kabla ya ile Jumatatu. Angefanya robo moja tu. Jioni ile tangi lingekuwa na kipande kimoja cheupe na vitatu vya kahawia, kama shati lenye kiraka. Meneja angeuliza, "Juma, mbona kazi umeiacha katikati?" Naye angejibu kwa adabu, "Mzee, nikimaliza leo, Ijumaa nitakuwa nazoa samaki. Nipe wiki sita." Huenda meneja angenung'unika. Lakini baada ya wiki sita mchanga wote ungekuwa mweupe, na wale samaki saba wangekuwa hai wakiogelea juu yake.

Mchanga ulio chini ya maji waonekana kama kitu kilichokufa. Sasa wewe wajua kwamba umejaa viumbe, navyo ndivyo vinavyowaweka hai wakubwa wanaoonekana. Utakapopewa kazi ya kusafisha kitu chenye uhai, uliza kwanza ni nani anayeishi humo.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Someni maswali yafuatayo, na mjibu kwa maneno yenu wenyewe.

MASWALI

1. Kwa nini samaki wa Juma walikufa, hali mchanga mpya ulikuwa safi?
2. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nini? Wa kundi la pili je?
3. Harufu ya yai viza yaonyesha nini, na utafanyaje ukiisikia?
4. Tangi lina urefu wa sentimeta 80 na upana wa sentimeta 40. Twataka mchanga wa kina cha sentimeta 5. Ni lita ngapi? Robo yake ni lita ngapi?
5. Taja mambo matatu ya kuhakikisha kabla ya kutia mkono tangini.
6. Mwandikie meneja barua fupi ya mistari mitano, umweleze kwa nini kazi ya mchanga itachukua wiki 6.